Ushuhuda wa Dakika Mbili

Shemasi Cleotis Pettway alitoka dukani kwa Novak na nyundo mkononi, bila kulipa, akashika njia ya kanisani. Hakukimbia. Alitembea kama fundi aliyechelewa kazini, kofia kichwani, vifungo vya koti vimepishana. Baridi ya Novemba ilikuwa imekwisha kuingia Marden, ile baridi ya Ohio inayopanda kutoka mtoni na kukutafuta mpaka ndani ya viatu.

Bwana Novak alisimama mlangoni mwa duka lake la vifaa akamwita. Shemasi hakugeuka. Watu waliokuwa kwenye kituo cha basi walijivuta nyuma, maana mzee mweusi, mrefu, mwenye nyundo, hata mvi zikiwa zimemjaa, ni jambo linaloweza kuishia pabaya kabla kahawa haijapoa. Kila mtu Marden alilijua hilo. Novak naye alilijua. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya namba ya polisi, akakitoa, akapiga ile namba nyingine.

Wakaja Wapole. Wana jina refu la ofisini ambalo hakuna anayelikumbuka. Ni watu wa mji, wenye majaketi ya kijani na wasio na bunduki, wanaoitwa pale mtu anapopotewa na akili au anapolia peke yake darajani. Mtaa ndio uliowapa jina. Siku ile alikuja Yolanda Figueroa, mama mnene aliyefanya kazi miaka mingi kwenye gari la wagonjwa kabla ya kuvaa kijani. Aliteremka, akaanza kutembea bega kwa bega na Shemasi kana kwamba walikuwa wamepatana tangu asubuhi. Nyundo hakuigusa. Alimwuliza anajenga nini.

"Mlango wa kanisa," Shemasi akasema. "Bawaba imelegea."

"Basi twende tukauone. Ila nyumbani wanakungoja ule kwanza. Fundi hafanyi kazi na njaa."

Shemasi akalipima neno hilo. "Kweli," akasema, na wakageuka pamoja.

Mkewe, Ardella, aliwakuta kwenye ngazi za nyumba. Jumamosi hiyo alikuwa chini kwenye chumba cha kufulia, na mlango wa mbele aliufunga mwenyewe kwa ufunguo, lakini mikono ya mumewe ilikuwa bado inazijua kufuli hata kama kichwa chake kilikuwa kimezisahau. Shemasi alipomwona alivua kofia kwa adabu, akamwambia Yolanda kwamba huyu ndiye bibi anayepika hapa, mtu mwema sana. Tangu kiangazi hakuwa amemwita mkewe kwa jina. Zamani alikuwa akimwita Della.

Yolanda aliliona lile neno linavyompata mama wa watu. Akainama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu, ili Ardella apate nafasi ya kujifuta macho.

*

Jioni Ardella alirudisha nyundo, pamoja na pai ya viazi vitamu. Bwana Novak aliipokea akainusa.

"Mama Pettway, nikiendelea kulipwa kwa pai, nitafunga duka kwa unene."

Alikuwa anatania, lakini uso haukucheka vizuri. Kiangazi wezi walikuwa wamemvunjia kioo na kubeba mashine zake zote za umeme, na polisi walikuja kesho yake, saa ya chakula cha mchana. Akamweleza Ardella waziwazi, bila hasira, kwamba Alhamisi angekwenda kwenye kikao cha baraza la mji kuwaambia wawaondoe Wapole na fedha zirudishwe polisi zilikotolewa. Hakutaka alisikie kwa watu wengine.

Ardella akamshukuru kwa kumwambia usoni. Kisha akamshukuru kwa ile simu ya asubuhi.

"Kidole kiliteleza," Novak akasema, akaanza kupanga misumari ambayo ilikuwa imekwisha kupangwa.

Akitoka, Ardella aliona kwamba kile kigoda cha karibu na rangi kilikuwa bado pale. Ndicho alichokuwa akikikalia Shemasi zamani, alipokuwa fundi, akingoja mbao zake zikatwe huku akibishana na Novak juu ya mpira. Kilikuwa kimepanguswa vumbi.

*

Shemasi alikuwa akishinda katika Nyumba ya Mchana siku zote za kazi. Ni jengo dogo la matofali nyuma ya maktaba, ambako wazee waliopotewa na kumbukumbu hupokelewa asubuhi na kurudishwa jioni, ili watu wao wapate kwenda kazini. Msimamizi wake, Bi Lucille Bascombe, ndiye aliyegundua kwamba Shemasi akipewa kipande cha mbao na msasa hutulia siku nzima. Kila wiki alileta mbao mpya kutoka gereji ya kaka yake. Kuna mama mmoja pale aliyewakata wazee kucha, na hakuwa ameajiriwa kukata kucha.

Jumatatu Bi Lucille aliwaita jamaa za wazee, akawapa viti na kahawa kwanza. Walipoziona biskuti nzuri wakajua habari ni mbaya.

Akawaeleza polepole. Bunge la Washington lilikuwa limeletewa mswada. Ukipita, mji wowote uliopunguza fedha za polisi na kuwalipa watu wengine kwenda kwenye miito ungenyimwa fedha za serikali kuu. Marden ilikuwa imefanya hivyo hasa ilipowaajiri Wapole. Na Nyumba ya Mchana, kuanzia gari mpaka kahawa, iliendeshwa kwa fedha za serikali kuu. Wajumbe wa baraza walikuwa na hofu. Alhamisi wangepiga kura: ama wawaachishe kazi Wapole ili wasiikasirishe Washington, ama wabaki nao na waanze kufunga vitu vilivyolishwa na Washington, cha kwanza kikiwa hiki walichokuwa wamekikalia.

Mzee mmoja, mume wa mgonjwa, akauliza kama hiyo sheria ilikuwa tayari inafanya kazi. Bi Lucille akasema bado, ni mswada tu. Mzee akasema basi kumbe tunakimbia mvua kwa kujitupa mtoni. Watu wakacheka kidogo.

*

Renita, binti yao, anayefanya kazi ya kufua nguo hospitalini na kuishi orofa ya juu ya nyumba hiyohiyo, hakuona cha kufikiria hapo. Alimwambia mama yake wakati wakichambua mboga kwamba Wapole waende. Ni watu wema, ndiyo, lakini Baba huwahitaji mara mojamoja, na Nyumba ya Mchana anaihitaji kila kunapokucha. Ikifungwa, Mama ataacha kazi ya kupika shuleni, na mshahara mmoja hautatosha nyumba hii. Itabidi Baba apelekwe kwenye makao ya wazee.

Ardella alikuwa amekwisha kupiga simu makao hayo, mchana ule, amejibanza stoo ya shule kati ya makopo ya maharagwe. Yalikuwa mbali, wilaya nyingine. Sauti ya msichana ilimwuliza kama mgonjwa anauma.

"Anaumwa wapi?" Ardella akauliza.

"Hapana, namaanisha, anang'ata watu?"

Ardella alikuwa amejibu kwamba Shemasi Pettway hajawahi kumng'ata mtu, akashukuru, akakata simu, akakaa kidogo juu ya gunia la mchele. Hilo hakumsimulia Renita. Alimwuliza tu: wakiondoka Wapole, na siku nyingine baba yako akatoka na nyundo, atakuja nani?

Renita akaendelea kuchambua mboga. Wote wawili walikuwa wakimfikiria kijana wa akina Dobbins, ng'ambo ya mto, aliyetoka nje na fimbo ya pazia katika siku zake mbaya. Waliitwa polisi, na hakurudi ndani. Hiyo ilikuwa kabla ya Wapole.

"Tutafunga mlango vizuri zaidi," Renita akasema mwishowe.

"Baba yako ndiye aliyeutengeneza huo mlango, mwanangu. Hakuna kufuli humu asilolijua."

Chumba cha pili Shemasi alikuwa akipiga msasa ukingo wa meza ya kulia, ambao ulikwisha kuwa laini kama sabuni.

Wakakubaliana angalau kwamba Ardella ataongea mbele ya baraza. Renita akamfunza akiwa anapiga pasi shati la Baba. Kila msemaji hupewa dakika mbili, kisha kengele inalia. Mama asisalimie. Asishukuru mtu. Aombe kwanza.

"Niombe kabla ya kuamkia? Kama mtu aliyelelewa na paka?"

"Mama, hawa si kanisa. Ombi kwanza. Tafadhali."

Ardella akaahidi. Lakini ombi lenyewe litakuwa lipi hakusema, na Renita aliogopa kuuliza.

*

Mlangoni mwa ukumbi wa baraza kulikuwa na ile mashine ya kukagua chuma. Ililia Shemasi alipopita. Askari mlinzi, kijana mweupe mwenye masikio mekundu, akasema mkanda uvuliwe. Shemasi akavua kwa utii, na suruali, ambayo siku hizi ilikuwa imemzidi, ikaanza kuteremka mbele ya watu wote waliopanga foleni. Kuna aliyecheka. Ardella aliidaka kwa mkono mmoja huku mkono mwingine umeshika mkoba uliokuwa ukipekuliwa.

Yule kijana alikuja kutoka nyuma ya meza, akapiga magoti, akaupitisha mkanda mwenyewe kitanzi baada ya kitanzi. "Babu yangu alikuwa hivi," akasema kwa sauti ya chini, akaukaza. Alisimama upande ambao ungewazuia watu wasione.

Ndani walikaa safu ya tatu, Shemasi katikati. Yolanda alikuwa ameketi ukutani na jaketi lake la kijani, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Bi Lucille alikuwepo. Novak alikuwepo, amevaa tai. Wasemaji walianza. Mmoja alizungumzia barabara, mwingine akawatukana wajumbe wote kwa zamu, na kengele ikawakata wote sawasawa. Mwenyekiti, Bi Halloran, mwanamke mwembamba mwenye mafua, aliita jina la Ardella na akalikosea. Ardella hakumsahihisha.

Alipanda kwenye kipaza sauti. Akashika ule ukingo wa mbao uliokuwa mbele yake. Akainua uso, akaona wajumbe wamekaa mbele yake, wamemnyamazia, wakingoja.

Hapo ndipo lilipompata. Maisha yake yote Ardella Pettway alikuwa hajawahi kusimama mbele ya watu walionyamaza ila Jumatano jioni, kanisani, katika ibada ya ushuhuda. Na ushuhuda una mwanzo wake, ambao mtoto wa kanisa lile huujua kabla ya kujua jina la mtaa wake. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Natoa heshima kwa Mungu, aliye kichwa cha maisha yangu."

Renita akafumba macho.

"Natoa heshima kwa mwenyekiti, na kwa wajumbe wote mlio kitini. Natoa heshima kwa watakatifu na marafiki. Nashukuru kwa kuamka leo nikiwa na akili yangu timamu, maana najua mtu mwema ambaye hakuamka nayo."

Kuna mtu nyuma alicheka puani. Na hapo, kutoka safu ya tatu, sauti nene ikapanda, sauti ambayo ukumbi ule haukuitarajia.

"Sema, Della."

Ardella akaushika ule ukingo kwa nguvu zaidi. Hakugeuka. Alijua kwamba akigeuka atashindwa kuendelea.

"Namshukuru yule kijana wa mlangoni, aliyepiga magoti kumfunga mume wangu mkanda."

"Ndiyo, Bwana," akaitikia Shemasi.

"Namshukuru Bi Lucille Bascombe, anayemletea mbao. Namshukuru yule mama anayemkata kucha. Sijui nani anamlipa. Nadhani hakuna."

"Sema sasa."

Sasa kulikuwa na wengine wanaoitikia, kwanza wanawake wawili wa upande wa dirisha, kisha mzee mmoja, kwa sauti ndogo, kama watu waliosahau kwamba hawakuwa kanisani.

"Namshukuru binti Figueroa pale, aliyetembea na mume wangu hadi nyumbani na hakumnyang'anya kitu mkononi. Namshukuru Bwana Novak, mwenye nyundo. Angeweza kupiga namba nyingine. Na kigoda cha mume wangu bado anakipangusa vumbi, nimekiona. Na ninaposimama hapa leo, nilichokuja kuwaom—"

Kengele ikalia.

Bi Halloran akasema kwa upole kwamba muda umekwisha. Ardella akabaki amefungua mdomo. Alikuwa hajaomba kitu chochote. Na ushuhuda wenyewe haukuwa umekwisha, kwa sababu ushuhuda haukwishi mpaka umeomba watu wakuombee. Usipofanya hivyo unakuwa kama mlango ulioachwa wazi usiku wa baridi. Akasema asante kwenye kipaza sauti, akateremka akiwa amejishika ukutani. Mjumbe mmoja alikuwa akitazama saa.

Alipokaa, Renita hakumlaumu. Alimshika tu mkono, kiganja chake cha dobi kimekauka na kina joto. "Amekuita Della, Mama," akasema.

"Nimesikia."

*

Aliyefuata alikuwa Novak. Alijirekebisha tai, akasema alichokuja kusema: kwamba anataka polisi wengi zaidi, kwamba kioo kikivunjwa usiku mtu mwenye jaketi la kijani hawezi kumkamata mwizi. Alilisema vizuri na watu wengine wakapiga makofi. Kisha hakushuka.

"Kidole changu hakikuteleza," akasema, na wengi hawakuelewa. "Jumamosi, nilipomwona Shemasi barabarani na nyundo. Nilijua namba niliyoiacha na nilijua kwa nini niliiacha. Nimemwuzia misumari mtu yule tangu nywele zangu zikiwepo."

Akamgeukia mwenyekiti. Akasema bado ana muda, na anataka kumpa yule mama amalizie. Bi Halloran akapenga kamasi, akasema kwamba anasikitika, kanuni hazimruhusu msemaji kumpa mwingine muda wake.

"Zinaniruhusu kunyamaza?"

Bi Halloran akamtazama karani. Karani akainua mabega.

"Basi nimesimama hapa nanyamaza," Novak akasema. "Mtu akisema kitu nyuma yangu, mimi ni mzee, sisikii vizuri." Akakunja mikono.

Ukumbi ukamgeukia Ardella. Alisimama palepale kwenye kiti chake, mkono mmoja begani kwa mumewe.

"Nimwombe radhi binti yangu kwanza, alinikataza salamu," akasema. "Nilikuja kuomba hivi. Mnataka tuchague: wanaompokea mume wangu asubuhi, au wanaomrudisha akipotea. Nimejaribu kuchagua wiki nzima. Siwezi, kwa sababu ni mtu mmoja. Sasa mimi nauliza tu. Hiyo sheria ya Washington imepita?"

Bi Halloran akasema haijapita.

"Huenda isipite?"

Akasema huenda.

"Basi msinivishe nguo za msiba, maiti bado anakula. Tuacheni na watu wetu wote mpaka siku hiyo ifike. Ikifika, tutakuja hapa tulie pamoja, na nitaleta pai. Ni hilo tu."

Akakaa. Kengele ya Novak ikalia, naye akashukuru baraza kwa kumsikiliza.

Baraza lilibishana muda mrefu. Wawili walisema huo ni uzembe, kungoja radi ikiwa juu ya paa. Mwishowe walipiga kura kuliahirisha jambo lote mpaka Washington iseme, na kura moja tu ndiyo iliyolipitisha, ya yule mjumbe aliyekuwa akitazama saa. Hakuna kilichookolewa milele. Yolanda alibaki na jaketi lake, Bi Lucille na mbao zake, kwa majira ya baridi na labda na ya mchipuko. Nje kwenye ngazi, Novak alimwambia Ardella kwamba bado hakubaliani naye. Ardella akasema anajua, akamfunga vizuri skafu shingoni.

*

Asubuhi gari la Nyumba ya Mchana lilikuja kama kawaida, moshi mweupe unatoka nyuma. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka, nyembamba kama unga uliopepetwa. Ardella alimfunga mumewe vifungo, kila kimoja na tundu lake. Alimwita, "Cleotis," na akangoja. Shemasi akamtazama kwa adabu, akamshukuru kwa uji wa mahindi, akamwita bibi.

Ilimwuma, lakini si kama zamani. Sasa alijua kwamba jina lake halijapotea. Limo humo ndani, limewekwa mahali fulani, kama chombo cha fundi ambacho hakionekani leo.

Dereva aliteremka bila kuitwa, akampa Shemasi mkono. Yolanda, akienda zamu yake upande wa pili wa barabara, akapunga. Renita alikuwa dirishani juu na kikombe chake. Shemasi akaweka mguu kwenye ngazi ya gari, kisha akasimama, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha kazi katikati. Akageuka. Akavua kofia, theluji ikamwangukia kichwani, akawatazama wote, dereva, na barabara, na mama yule aliyesimama mlangoni na aproni.

"Na nyote mniombee," akasema Shemasi Pettway.

"Amina," Ardella akaitikia, akashuka ngazi, akampandisha, akaufunga mlango wa gari.